Kamati ya Maumivu ya Kiasi

Sehemu ya tisa

Gunia limetoka kichwani mwa mtuhumiwa, msomaji. Wiki nzima umekaa ukijiuliza ni nani aliyekuwa ndani yake, na Kimya naye, mpiga chapa wetu, alikuwa akijiuliza hivyo hivyo, vidole vimemganda juu ya kompyuta.

Ni mjomba wake.

Wala si mjomba wa kuitana njiani. Ni mjomba hasa, kaka wa mama yake, fundi saa wa nyuma ya soko, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Tangu Jumatatu nyumbani walikuwa wanamtafuta hospitali kwa hospitali. Jana mama yake Kimya alikwenda mpaka mochwari, akarudi anamshukuru Mungu kwa kutomwona.

Kumbe alikuwa hapa hapa ofisini, chini ya sakafu ambayo Kimya alikuwa anaikanyaga kila siku.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu ndiye anaitwa Fundi," akasema Mkuu wa Kitengo cha Kupambana na Ugaidi, huku akilikunja lile gunia vizuri kama mtu anayekunja leso. "Katika magaidi wote tuliowahi kuwakamata, huyu ni baba lao."

Baba lao alikuwa amevaa kiatu kimoja. Mguu wa pili ulikuwa umevimba, kiatu kimekataa kuingia. Siku tatu za kusimamishwa ukutani si mchezo.

Kitu cha kwanza alichotazama Mjomba hakikuwa Kamati, wala askari wawili wa mlangoni. Alitazama juu ya kichwa cha Mkuu, pale ilipotundikwa saa kubwa ya mbao ya ukumbi. Saa tatu na dakika thelathini na tano. Uso wake uliochoka ukalegea, akatabasamu, kama mzazi aliyemwona mwanawe kwenye umati.

"Mnaona?" Mkuu akadakia. "Anacheka! Chapa hiyo, binti. Mtuhumiwa amecheka."

Kimya akachapa. Ndipo macho ya Mjomba yakashuka na kukutana na yake. Tabasamu likazima. Mzee akatikisa kichwa mara moja tu, kidogo, kama mtu anayefukuza nzi.

Maana yake ilikuwa wazi: hunijui, sikujui.

Kimya akarudisha macho kwenye kompyuta. Ofisi nzima ilimpa jina hilo kwa sababu katika miaka mitatu ya kazi hakuna aliyemsikia akisema neno la maana. Ukimwita, anaitika kwa kichwa. Ukimpa kazi, anaileta imekwisha. Wengine waliapa kwamba ni bubu. Na leo, siku aliyohitaji kupiga kelele majirani wakasikia, koo lilikuwa limefungwa kwa kufuli na ufunguo umetupwa.

Sasa lisikilize lililokuwa mezani.

Kamati ya Bunge ilikuja asubuhi hiyo kuamua jambo moja: Kitengo kiruhusiwe kuwabana magaidi mpaka waseme, au kisiruhusiwe? Kwenye barua iliitwa Kamati ya Mwongozo wa Mahojiano. Wafagiaji wa ofisi waliiita Kamati ya Maumivu ya Kiasi, maana kila kifungu kilimalizikia hapo: kwa kiasi. Mwongozo ukipita, Mjomba anapelekwa chumba cha nyuma kabla chai haijapoa. Usipopita, sheria ya zamani inasema mtu asiyeshtakiwa kwa siku tatu arudi kwake akalale.

"Neno 'mateso' nimeliondoa kila mahali," akasema Wakili wa Kitengo kwa fahari. "Kiwango cha Kwanza, kusimama kwa tafakari. Cha Pili, kukesha kwa staha. Cha Tatu, kunawishwa uso kwa kina."

"Kunawishwa kwa kina ndiyo kufanyaje?" akauliza Mwalimu Mstaafu, mjumbe pekee aliyekuja na maswali yake mwenyewe kutoka nyumbani.

"Mtu analazwa, anafunikwa kitambaa usoni, anamiminiwa maji. Kwa kiasi."

"Huko si ndiko kumzamisha mtu?"

"Mama, maji ni uhai. Nani amewahi kuteswa kwa uhai?"

"Basi panda hapa mezani ulale. Chupa hii hapa."

"Mimi nina mafua," akasema Wakili.

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, alikuwa anasoma. Mheshimiwa huyu alikuwa na tabia moja: karatasi yoyote ikiwekwa mbele yake, ataisoma kwa sauti, bila kujiuliza imetoka wapi. Asubuhi hiyo alikuwa ameshawasomea ratiba, tangazo la gari lililoziba njia, na maandishi ya chupa ya maji. "Hifadhi mahali pasipo na jua," alisoma kwa sauti nzito, na mjumbe mmoja akaunga mkono hoja.

"Waheshimiwa," Mkuu akasimama, "sisi tunacheza na maneno, wenzetu wanacheza na bomu." Akapiga daftari juu ya meza. "Hili lilikutwa kwenye kibanda chake, pamoja na saa arobaini na moja, zote zinatembea. Mtu mmoja, saa arobaini na moja za nini?"

Kimya akalitazama lile daftari. Jalada la bluu, mgongo umebandikwa gundi. Alilijua vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyeliandika. Kila Jumamosi Mjomba alikuwa anasema, yeye anaandika, maana macho yaliyochungulia ndani ya saa kutwa hayaoni tena mstari wa daftari. Na Mjomba hana kichwa cha kukumbuka majina. Kila mteja anampa la kwake.

"Sikieni lugha yao ya siri," Mkuu akasoma. "'Pua Ndefu: imefunguliwa, imeoshwa kwa petroli, Jumamosi aje mwenyewe.' Petroli, waheshimiwa! 'Bibi wa Ghorofani: inakimbia, ipunguzwe kasi.' Na hii sasa." Akashusha sauti. "'Bosi wa Dereva. Kubwa. Alhamisi saa nne kamili, mbele ya wageni wote. Isikosee hata dakika.' Leo siku gani?"

"Alhamisi," wajumbe wakajibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Na saa ngapi?"

Wote wakatazama juu ya kichwa chake. Saa nne kasoro kumi na tano.

"Na wageni ni akina nani?"

Mjumbe mmoja alivuta mkoba wake taratibu kuelekea mlangoni. Askari akamrudisha: mlango umefungwa kwa usalama wenu.

"Huyo Bosi wa Dereva ndiye kichwa cha mtandao," Mkuu akaendelea, jasho linamtoka kwa raha. "Hati ya kumkamata nimeshatia saini, hii hapa mfukoni. Siku nikimtia mkononi, alie, asilie, simwonei huruma. Lakini kwanza nipeni Kiwango cha Tatu. Bomu linahesabu dakika, waheshimiwa! Mnataka nimwimbie gaidi wimbo?"

Usiwacheke wajumbe kwa kuanza kunyoosha mikono kabla kura haijaitwa. Hata wewe hapo ungenyoosha mkono. Hofu ikiingia ukumbini, mikono huinuka yenyewe.

Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki ameishika kalamu yake. "Nimefundisha miaka thelathini na moja. Ukiwachapa watoto wakutajie aliyevunja dirisha, watakutajia darasa zima pamoja na mlinzi, na dirisha litabaki limevunjika. Huyu mmemuuliza?"

"Siku tatu!"

"Mmemuuliza nini?"

"Fomu hii hapa. Nani amekutuma? Wenzako ni nani? Lini?"

"Akasemaje?"

"Siku ya kwanza alisema ni saa za wateja. Tukaandika: amekiri kuwa na saa za kutegea. Siku ya pili akakubali kwamba ametumwa. Siku ya tatu akataja wenzake kumi na wanne. Tumefuatilia, saba kati yao walishafariki zamani. Mtandao umefika mpaka makaburini!"

"Na hamkumuuliza huyo Bosi wa Dereva ni nani, na hicho kikubwa kiko wapi?"

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Basi muulize sasa. Kuuliza si ujinga."

"Haiwezekani, mama," akasema Wakili. "Swali la mjumbe linachukua siku saba. Karatasi ya ofisi tu, yenye muhuri, ndiyo inayosomwa hapo hapo. Kisichochapwa hakikusemwa."

Kisichochapwa hakikusemwa. Kimya aliitazama printa. Akautazama muhuri.

Yeye jibu alikuwa nalo. Jumamosi mbili zilizopita alikuwa nyuma ya pazia la kibanda, anaandika, wakati dereva wa ofisi hii hii alipoingia na kitu kikubwa kimefunikwa blanketi. Jumatatu asubuhi dereva akakichukua. Jumatatu mchana askari wakamchukua fundi. Jumanne Kimya alipoingia ukumbini kuwasha kompyuta, alikikuta kitu hicho kimetundikwa ukutani.

Vidole vikaanza kutembea kabla hajavipa ruhusa. Printa ikakoroma, ikatema karatasi moja. Akaipiga muhuri, akaipeleka mbele ya Mwenyekiti, akarudi kukaa. Hakuna aliyemwona. Nani humwona mpiga chapa?

"'Swali la nne,'" Mwenyekiti akasoma. "'Bosi wa Dereva ni nani, na kitu chake kiko wapi? Mtuhumiwa ajibu kwa maneno yake.' Haya, mtuhumiwa, jibu."

Mkuu akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Swali hilo limetoka wapi?"

"Lina muhuri," akasema Wakili. Ukishasema muhuri, umemaliza.

Mjomba akakohoa. "Huyo bosi mimi simjui sura, bwana. Alimtuma dereva wake. Akasema bosi anapokea wageni Alhamisi, anataka saa yake igonge saa nne kamili mbele yao, asije akaaibika. Kitu chake..." Mikono ilikuwa imefungwa, kwa hiyo akaonyesha kwa kidevu. "Ni kile pale, juu ya kichwa cha huyu mheshimiwa aliyesimama."

Shingo ya Mkuu ikapanda taratibu. Mabishano yalikuwa yameshazila dakika zote. Mshale mrefu ulikuwa umebakiza unywele.

Dong!

Aliyefika wa kwanza chini ya meza ni Mkuu wa Kitengo. Mwenyekiti akawa wa pili, na karatasi zake. Wakili alishuka huku akipaza sauti kwamba anaingia chini ya meza bila kukubali kosa lolote. Askari walilaliana mlangoni kama magunia. Juu walibaki watatu: Mwalimu, ambaye magoti yake hayakunjiki tena, Kimya, na Mjomba aliyefumba macho, midomo inahesabu.

Saa iligonga mara kumi, ikanyamaza.

"Imekaa sawa," akasema Mjomba. "Haijakosea hata dakika."

"Tumekufa?" sauti ya Mwenyekiti ikauliza kutoka chini.

"Bado tunasubiri taarifa," akajibu Mkuu.

Wewe ulidhani yameisha, na mimi ningedhani hivyo hivyo. Hatuwajui wakubwa. Mkuu alitoka chini ya meza, akapangusa magoti, akafunga kifungo cha koti.

"Waheshimiwa, mmeshuhudia wenyewe. Mbinu zetu zinafanya kazi. Mtuhumiwa amesema, kifaa kimepatikana, na hakuna aliyeumia."

"Amesema alipoulizwa kwa upole!" Mwalimu akafoka. "Na huyo Bosi wa Dereva ni wewe! Hati ya kumkamata iko wapi?"

"Hati gani?" akauliza Mkuu, huku akiikunja mara nne na kukikalisha kikombe juu yake.

"Kuulizwa kwa upole ni Kiwango Sifuri," akasema Wakili, bado amepiga magoti, anaandika. "Nimekiongeza sasa hivi. Kwa hiyo huu ni ushindi wa Mwongozo."

Kura ikapigwa. Mikono iliinuka, yote isipokuwa wa Mwalimu. Mwenyekiti akatia saini, kisha kwa mazoea akasoma kifungu cha mwisho: "'Kiwango cha Tatu kitatumika kwa mtu yeyote, wa cheo chochote, atakayekiri kuhusika.' Mwongozo umepita."

"Basi huyu mzee aende kwake," akasema Mwalimu. "Ni fundi saa tu."

"Saa imejieleza," Mkuu akasema. "Daftari bado." Akamfungua Mjomba mikono, akamtupia kalamu. "Andika hapa: Alhamisi, saa nne."

Vidole vya Mjomba vilikuwa vimevimba kama ndizi. Aliandika herufi kubwa zilizolala huku na kule, mfano wa mlevi anayevuka barabara. Mkuu akaziweka kando ya daftari, akapiga kofi la furaha.

"Mwandiko si wake! Kuna mtu wa pili. Nani alikuwa anakuandikia?"

"Niliandika mwenyewe, bwana. Zamani nilikuwa na mwandiko mzuri."

"Huu ukurasa ni wa wiki mbili zilizopita!"

Mjomba akaiweka kalamu chini. Na ndipo Kimya alipoelewa jambo lililomchoma kuliko yote. Majina kumi na manne, wazima kwa wafu, mzee aliyatoa kwa siku tatu ili lisitoke moja, la Kimya.

"Mpelekeni chumba cha nyuma," akasema Mkuu. "Maji yatatuambia."

Kimya akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Askari walikuwa wameshamshika Mjomba kwapani. Basi akafanya alichokiweza. Alichapa haraka, mistari miwili: wa kwanza, *Mwandiko wa daftari hili ni wangu mimi*, na wa pili, *mpiga chapa wa ofisi hii, na Fundi ni mjomba wangu, mwachieni*. Akapiga muhuri. Miguu ikampeleka kama ya mtu mwingine.

Mwenyekiti alifurahi kupata karatasi. "'Mwandiko wa daftari hili ni wangu mimi...'"

Hakufika mstari wa pili. Mkuu alipiga meza kwa ngumi, karatasi ikaruka, ikaanguka sakafuni, na kiatu cha Wakili kikakaa juu yake.

"Wako wewe?"

"Nilikuwa nasoma tu!"

"Wote husema hivyo."

"Wakili, mwambie huyu!"

"Mheshimiwa, umekiri mbele ya Kamati," Wakili akasema kwa huzuni. "Na kifungu cha mwisho umekitia saini mwenyewe. Wino haujakauka."

Askari hawajui siasa, wanajua amri. Walimwachia Mjomba ili wapate mikono ya kumshika Mwenyekiti. Gunia lilikuwa limekunjwa pale pale, halina mtu.

"Nina presha mimi! Mkuu, ndugu yangu, jana si tumekula pamoja?"

"Kwa kiasi, Mheshimiwa. Kila kitu kitafanywa kwa kiasi."

Mwalimu akajikokota akasimama mbele ya mlango. "Hata yeye, hapana! Aliyetia saini naye ana pua, naye anapumua." Askari mmoja akamsogeza pembeni kama kiti.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Mjomba sasa. Alisimama katikati ya ukumbi na kiatu chake kimoja, huru kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Kimya akaiona hesabu yote kwa mara moja. Karatasi iko chini ya kiatu cha Wakili. Akinyamaza, Mjomba atatoka taratibu kwa mlango ule, na Kamati itajila yenyewe. Kunyamaza tu! Kazi aliyoizoea maisha yake yote. Na wa kumhurumia ni nani hapo? Si huyu huyu aliyesoma, akatia saini?

Mjomba alimtazama, akafukuza nzi tena: nyamaza.

Lakini ni Mjomba yule yule ambaye siku moja aliletewa saa na jirani aliyemtukana mbele za watu. Kimya, mdogo wakati huo, aliuliza kwa nini asiiharibu kidogo tu. "Saa haina adui, mama," Mjomba alimjibu, jicho liko kwenye kioo cha kukuzia. "Ukiharibu ya mmoja kwa makusudi, mkono unazoea."

Gunia likapita macho ya Mwenyekiti, likafika puani. Ndani yake mtu mzima akasikika anamwita mama yake.

"Mheshimiwa hana kosa."

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini iliufikia ukumbi mzima. Mkuu akabaki na kamba ya gunia mkononi. Akageuka polepole. Akawatazama wajumbe mmoja mmoja, akawatazama askari, akamtazama Mwalimu, akatazama mpaka saa ya ukutani.

"Nani amesema?"

Katika miaka mitatu hakuna aliyewahi kuisikia sauti hiyo.

Kimya akasukuma kiti nyuma, akasimama.